Kwa Nini Tuliosoma Pamoja Tunatafutana Ukubwani

Ukishavuka miaka arobaini na mitano, simu yako huanza kupokea salamu za watu uliodhani mmeshapoteana moja kwa moja. Mmoja kapata namba yako kwa shemeji yako, mwingine kaiona kwenye kadi ya mchango wa harusi, wa tatu anauliza kama ndiwe yule uliyekuwa ukikaa Hall 5. Haipiti wiki umeshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye jina la chuo na mwaka wa kuhitimu, na baada ya muda grupu linaanza kupanga siku ya kukutana.

Jambo hili lina sababu zake, na zinaelezeka. Nitalichambua kwa kuangalia kizazi ninachokifahamu vizuri: waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1990, ambao leo wengi wao wako kwenye hamsini. Hoja yangu ni kwamba kukutana tena na watu uliosoma nao kuna thamani kubwa kuliko picha za pamoja zinavyoonyesha, lakini namna tulivyozoea kuandaa mikutano hii huwaacha nje walewale wanaoihitaji zaidi.

Saa zilizojenga urafiki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Tanzania vilikuwa vya kuhesabu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa 1970. Sokoine cha Morogoro kilianzishwa 1984, na Chuo Kikuu Huria kilikuwa ndiyo kwanza kinaanzishwa 1992. Sensa ya 1988 ilihesabu watu zaidi ya milioni 23 nchini, lakini wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo cha Dar es Salaam, walikuwa elfu chache tu. Mwaka mmoja wa kitivo kimoja ulijaa kwenye ukumbi mmoja, na watu walijuana kwa majina, kwa mikoa na kwa shule walizotoka. Wengi walikuwa wameshaonana Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora au Kilakala. Waliotangulia kabla JKT ya lazima haijasitishwa 1994 walikuwa wameshakimbia mchakamchaka pamoja Ruvu, Makutupora au Oljoro, kuruta na kuruta, kabla ya kukaa dawati moja.

Maisha yenyewe ya chuo yaliwalazimisha watu kukaa karibu. Asiyepata chumba alibebwa na mwenzake, wakalala wawili kitanda kimoja. Bumu, yaani posho ya mwanafunzi, likichelewa, sahani moja ya wali maharage ilikuwa ya watu wawili. Desa moja zuri, yaani muhtasari wa masomo, lilizunguka korido nzima wiki ya mitihani, na kitabu kilichokuwa na nakala moja maktaba kilisomwa kwa zamu mpaka usiku. Uhaba huo ulikuwa na machungu yake na sitaki kuupamba. Lakini ulifanya kazi moja ambayo hakuna semina wala klabu inayoweza kuifanya leo: uliwafanya watu wasiohusiana kwa damu wategemeane kila siku kwa miaka mitatu au minne.

Watafiti wameueleza utaratibu huu. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wao wa nyumba za Westgate, walikokuwa wakiishi wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT, Marekani. Waligundua kwamba kilichoamua nani awe rafiki wa nani kilikuwa hasa umbali wa mlango mpaka mlango. Aliyekaa jirani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa rafiki kuliko aliyekaa milango michache mbele. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba watu huhitaji kukaa pamoja kama saa 50 kutoka kufahamiana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 hadi kuwa marafiki wa karibu.

Piga hesabu hiyo kwa watu wawili wa chumba kimoja. Wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanatembea pamoja kwenda Nkrumah Hall na kurudi. Saa 200 wanazimaliza muhula wa kwanza haujafika katikati. Sasa mpigie hesabu mtu mwenye miaka hamsini, mwenye kazi, ndoa, watoto, mzazi mgonjwa kijijini na foleni ya Ubungo asubuhi na jioni. Saa 200 za kukaa na mtu mgeni atazitoa wapi? Ndiyo maana marafiki wa chuoni hawana mbadala ukubwani. Huenda watu tunaofanya nao kazi sasa ni wema kuliko wao, lakini hatuna tena muda wa kuwajua kwa kiasi kile.

Jinsi tulivyopoteana

Kutawanyika kulikuja haraka. Vizazi vilivyotangulia vilipangiwa vituo vya kazi na serikali, na angalau mtu alijua mwenzake kapelekwa wizara gani au mkoa gani. Miaka ya 1990 ajira serikalini zilibana, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu na kubinafsishwa, na kila mhitimu akaenda kujitafutia. Siku ya kuondoka chuoni watu waliandikiana anwani kwenye madaftari, na anwani hiyo mara nyingi ilikuwa sanduku la posta la mzazi, la parokia au la shule ya kijijini. Simu za mkononi zilikuwapo Dar es Salaam kuanzia katikati ya muongo huo, ila zilikuwa za wenye uwezo. Zilikuja kuwa za watu wengi baada ya 2000. Kwa hiyo kuna miaka kama kumi ambayo barua moja isiyojibiwa ilitosha kumpoteza mtu.

Kisha ikaja miaka ya kujenga maisha. Kati ya miaka thelathini na arobaini na mitano mtu anatafuta kiwanja, anainua nyumba chumba kwa chumba, anasomesha watoto wake na wa ndugu zake. Urafiki ndio unaopunjwa kwanza kwa sababu haudai. Mkopo unadai, ada inadai, boma lisiloezekwa linadai kabla ya mvua. Rafiki anasubiri.

Na wengine hawakuweza kusubiri. Kizazi hiki kilikuwa kijana wakati ukimwi unaua na dawa za kufubaza virusi hazijafika kwa watu wa kawaida. Tanzania ilianza kuzitoa bure kwa wagonjwa mwaka 2004. Kila grupu la waliosoma miaka hiyo lina majina yanayotajwa kwa kushusha sauti, ya vijana waliozikwa kabla ya kufika miaka thelathini na mitano. Anayeitafuta orodha ya darasa lake leo ajue kwamba anatafuta pia hesabu ya waliobaki.

Kwa nini sasa

Mambo manne hukutana kwenye hamsini. La kwanza ni nafasi: mtoto wa mwisho yuko sekondari au ameshamaliza, na jioni ya Jumamosi inaanza kuwa yako tena. La pili ni kustaafu. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na mabishano ya kikokotoo cha mafao yamewafanya watu wa umri huu wajiulize maswali ambayo hawawezi kuyauliza mbele ya walio chini yao kazini. La tatu ni kumbukumbu. Wanasaikolojia wamethibitisha mara nyingi kwamba watu waliovuka miaka 40, wakiulizwa yaliyowapata maishani, hukumbuka kwa wingi wa kupita kiasi mambo ya kati ya miaka 10 na 30, kwa kuwa huo ndio wakati mambo mengi yanatokea kwa mara ya kwanza.

La nne ndilo ninaloliona zito zaidi. Huu ni umri wa kuzika wazazi. Baba na mama wakiondoka, wanaondoka na maarifa ya jinsi ulivyokuwa kabla hujawa mtu mzima. Mke au mume wako alikukuta umeshakuwa mtu fulani. Watoto wako wanakujua kama baba au mama tu. Wanaobaki wakikumbuka kwamba ulikuwa unaogopa kusimama mbele ya watu, au ulitaka kuwa mwandishi, au ulimlipia mwenzako nauli ya treni kwenda Kigoma kwa bumu lako la mwisho, ni wale mliosoma nao. Mtu anahitaji mashahidi wa aina hiyo, hasa pale maisha yanapomfanya ashuku kama yeye wa leo na yule wa zamani ni mtu mmoja.

Kinachotokea mkikutana

Festinger huyohuyo wa Westgate alitoa nadharia nyingine mwaka 1954: mtu akikosa kipimo cha uhakika cha kujipima, hujilinganisha na watu wanaofanana naye. Hapa ndipo mikutano hii inapoumiza. Hakuna wanaofanana nawe kuliko watu mlioanza pamoja. Mlikuwa na bumu lilelile, mitihani ileile, magodoro yaleyale. Ukimwona waziri kwenye televisheni hujisikii umepungua. Ukimwona uliyekuwa unamfundisha takwimu kabla ya mtihani ameshuka kwenye gari la serikali lenye dereva, swali linakujia hata kama hukulialika.

Tazama utambulisho unavyofanyika. Ukumbi wa hoteli, meza za duara, mshereheshaji anaomba kila mmoja asimame ataje jina, anapofanya kazi na cheo chake. Anaanza mkurugenzi, anafuata profesa, anafuata mheshimiwa, na kila mmoja anapigiwa makofi. Zamu inamfikia aliyepunguzwa kazi wakati shirika lake linabinafsishwa na hakuwahi kurudi kwenye ajira. Anasimama nusu, anasema, "Mimi ni mjasiriamali, niko Kilosa," na kukaa. Makofi yanapigwa, tena kwa nguvu, maana watu wanamtakia mema. Lakini yeye ameshasikia tofauti, na mkutano ujao atakuwa na udhuru. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Swali lililochaguliwa kufungulia mkutano ndilo lililowapanga watu kwa safu.

Orodha ya michango

Kazi kubwa ya magrupu haya, na kazi ya heshima, ni kusaidiana kwenye msiba, ugonjwa na harusi za watoto. Mwenzetu amefiwa na mama mzazi Bukoba. Admini anatangaza, mweka hazina anaweka namba yake ya M-Pesa, na orodha inaanza. Namba moja, jina, 100,000, imelipwa. Namba mbili, jina, 50,000, ahadi. Kila anayechanga anainakili orodha yote, anaongeza jina lake chini na kuirusha tena. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, analalamika, orodha inarekebishwa. Kufikia jioni kuna fedha ya kukodi basi dogo na kupeleka rambirambi inayoonekana. Mfiwa anapoona watu wa Mlimani wameingia na kanga na fulana za darasa lao, mbele ya ukoo wake, anasimama wima. Sijaona taasisi inayofanya jambo hili kwa haraka na kwa upole kama magrupu haya.

Lakini orodha hiyohiyo ina upande wa pili. Kiasi kikiandikwa mbele ya jina, mwenye 5,000 hawezi kuiweka chini ya 100,000 ya mwenzake. Anachagua kunyamaza. Akinyamaza misiba mitatu, anaona haya kutoa pole. Akiona haya kutoa pole, anaacha kusoma meseji. Siku moja grupu linaandika kwamba fulani ameondoka. Watu wanasema amejitenga, kumbe amesukumwa nje kidogo kidogo na utaratibu usio na nia mbaya. Yapo magrupu yaliyoliona hili na kubadilika. Mengine huandika majina bila kiasi. Mengine hutoza kiwango kidogo sawa kwa wote kila mwezi, na fedha ya msiba hutoka kwenye mfuko huo. Tofauti inaonekana mapema: waliokuwa kimya wanarudi kuandika.

Wanaokosekana

Ukichunguza walio nje ya grupu utakuta makundi yanayojirudia. Kuna waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, au walioacha masomo kwa ugonjwa au kukosa fedha. Grupu likiitwa kwa mwaka wa kuhitimu, hao wametolewa nje na jina lenyewe, ingawa walikaa nasi chumba kimoja mwaka mzima au miwili. Ni wenzetu kwa kipimo chochote cha saa na uhaba nilichokieleza hapo juu.

Kuna wanawake. Wengi walibadilisha majina ya ukoo walipoolewa, kwa hiyo anayetafuta kwa majina ya darasani hawapati. Waliopatikana wanakuta mkutano umepangwa kuanza saa moja usiku mahali pa bia, na hapo wanatakiwa waeleze nyumbani wanakwenda kuonana na nani na watarudi na nani. Mkutano wa mchana, mahali pa familia, wenza na watoto wakikaribishwa, huwaondolea mzigo huo.

Kuna walioko mbali. Serikali ilipoamua 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, sehemu kubwa ya watumishi wa kizazi hiki waliondoka Dar es Salaam katikati ya umri wao, na magrupu yakagawanyika bila kutaka. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya 2024 imeifanya safari hiyo kuwa jambo la kwenda asubuhi na kurudi jioni, na waandaaji waitumie.

Na kuna walioshindwa kifedha, walio na magonjwa ya muda mrefu, walioachika, waliotoka gerezani. Hawa ndio wanaohitaji shahidi wa siku zao njema kuliko mtu mwingine yeyote.

Faida isiyotegemewa

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba habari zenye manufaa, kwa mfano za nafasi ya kazi, mara nyingi huja kupitia watu tunaowafahamu kwa mbali, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan waliwaomba mameneja wawatafute watu waliopoteana nao kwa miaka na kuwaomba ushauri wa kazi waliyokuwa nayo. Ushauri huo ulikuwa na mambo mapya kuliko wa watu wa karibu, na kuaminiana hakukuwa kumefutika. Waliosoma pamoja wana vyote viwili: wameishi dunia tofauti kwa miaka thelathini, na bado wanaaminiana. Anayetafuta daktari bingwa wa figo, anayetaka kuelewa hati ya kiwanja chake, anayetafutia mtoto nafasi ya fildi, anayetaka kujua kama astaafu akiwa na 55 au asubiri, mara nyingi jibu lake liko ndani ya darasa lake la zamani. Liombwe kwa kiasi, kwani anayepiga simu kwa shida tu huchosha upesi.

Namna ya kuwaita waliobaki nje

Tatizo linaanzia kwenye simu ya kwanza. Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha mwaka 2024 majaribio ambamo watu waliombwa wamwandikie rafiki wa zamani. Walikuwa na mawasiliano yake, walipewa muda, na walitaka kufanya hivyo. Bado waliotuma hawakufika theluthi moja. Nao Peggy Liu na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria chini furaha ya yule anayetafutwa, na furaha hiyo huwa kubwa zaidi pale asipotegemea kutafutwa. Tunasita kufanya jambo ambalo mwenzetu angelipokea kwa mikono miwili.

Kwetu kusita huku kuna sababu ya ziada. Simu ya mtu wa zamani imezoeleka kuleta msiba au mchango, na anayeipokea anajiandaa kwa mojawapo. Kwa hiyo sema mapema: "Hakuna msiba, na siombi mchango. Nimekukumbuka tu." Kisha taja jambo moja mahususi alilokufanyia au mlilofanya pamoja. Ukitaja jambo, anajua unamkumbuka yeye. Ukisema tu "za siku nyingi", anaendelea kusubiri shida yako.

Kwa waandaaji, nashauri manne. Liite grupu kwa mwaka wa kuingia chuoni, ili asiyehitimu awe wa humo. Ficha kiasi cha michango, au weka kiwango ambacho mwenye kipato kidogo kuliko wote anakiweza. Chagua mahali nafuu na saa za mchana. Chuo chenyewe kina miti na vivuli, na anayerudi baada ya miaka mingi ataiona maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 na kuwa na la kuwaonyesha watoto wake. Na badilisha swali la utambulisho. Kila mmoja aseme alikaa chumba gani na nani, na nani alimsaidia akafika mwisho wa mwaka. Swali hilo profesa na mwenye duka la Kilosa wanaweza kulijibu kwa kichwa kilichoinuliwa, na mara nyingi jina litakalotajwa litakuwa la mtu ambaye vyeo havikumfikia.

Orodha ya watu uliosoma nao ilifungwa siku ulipoondoka chuoni. Haiwezi kuongezwa jina, na kila mwaka inapungua. Kwa hiyo wenye afya, wenye nauli na wenye ujasiri wa kupiga simu wana wajibu kwa wenzao, na wajibu huo una muda wake. Kabla kamati haijataja tarehe ya mkutano ujao, ichukue orodha ya waliokaa kimya mwaka mzima, igawane majina, na kila mjumbe ampigie mmoja simu kumuuliza anaendeleaje. Idadi ya hao watakaofika ndiyo itakayotuambia kama mkutano umefaulu.